Egesha Ukitazama Njia ya Kutokea

Historia ya mlima Masaya wa Nikaragua niliisoma nikiwa na sponji mkononi. Sikukanyaga darasa wala sikufungua kitabu. Nilikuwa namsugua mgongo mzee wa Kiingereza katika bafu la nyumba yake huko Queensbury, kaskazini-magharibi mwa London, naye akinihutubia huku povu likimchuruzika masikioni. Alikuwa mwanajiolojia mstaafu. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya miguu lakini ulimi kiliuacha, na ejensi ya kutunza wazee ilinilipa mimi kuuvumilia.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Goma, mashariki ya Kongo, mkimbizi mwenye diploma ya ualimu ambayo London haikuwa na haja nayo. Ejensi haikuniuliza nimesomea nini. Waliniuliza kama naweza kumnyanyua mtu mzima kitandani bila kuumia kiuno. Nikasema naweza. Kiuno chenyewe hakuna aliyekiuliza.

Waingereza wengine, ukiwaambia unatoka Kongo, hukunja uso wa huruma, ule wanaouweka tayari kwa mazishi ya watu wasiowajua. Mzee huyu aliposikia Goma alifumbua macho kama mtoto aliyeonyeshwa keki. Akataka kujua kama dirisha letu lilitazama Nyiragongo, volkano ya kwetu. Nikamwambia dirisha halikuhitajika. Ukifungua mlango wa nyumba ya mama yangu asubuhi, mlima huu hapa, umejaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga.

"Una bahati iliyoje," akasema.

Sponji ilikuwa mkononi mwangu na mdomo wake ulikuwa wazi. Mungu ndiye aliyemwokoa.

Mlima wake yeye ulikuwa Masaya. Aliuendea akiwa kijana, akarudi, akarudi tena, mpaka mkewe akachoka akaenda zake. Kila dirisha la nyumba ile lilikuwa na kipande cha jiwe lake jeusi, hata la chooni, na kuyafuta vumbi ilikuwa kazi yangu. Sasa fikiria. Goma yote imetandikwa mawe ya namna hiyo. Tunayajengea kuta, yanatukata nyayo, yanatumalizia viatu. Nimeyakimbia, nimepanda ndege hadi Ulaya, nimefika nalipwa kuyapangusa kwa kitambaa laini. Nilikuwa nikifika kwenye lile la chooni nalipangusa huku nalitukana kwa Kiswahili.

Kwa mujibu wa mihadhara ya bafuni, Masaya si mlima wa kupigia picha. Hauna ncha wala theluji. Ni bakuli pana lililodidimia, na ndani ya bakuli kuna vilima vichache vyenye mashimo yanayofuka moshi. Chini yake sakafu ya Bahari ya Pasifiki inasukumwa na kupenya chini ya nchi kavu, ikishuka na maji yake, na maji hayo yakifika kwenye joto husaidia kuyeyusha mwamba. Kwetu ni kinyume, akasema. Ardhi inachanika polepole, na moto unapanda kwenye ufa.

"Kwa hiyo hata ardhi ya Kongo imeshindwa kukaa pamoja," nikamwambia.

Alicheka mpaka maji yakamwingia mdomoni, nikalazimika kumpiga mgongoni. Nadhani hapo ndipo tulipoanza kuelewana. Tulikuwa watu wawili wenye dharau, na dharau ikipata mwenzake hunenepa.

Somo la pili alilifundisha kwa uji wa shayiri. Kuna volkano zenye rojo zito la mwamba ulioyeyuka, akasema. Hewa inanaswa ndani mpaka kila kitu kinapasuka. Kuna zenye rojo jepesi; hewa inatoka taratibu na moto unamwagika tu. Akauinua uji wangu kwa kijiko, haukudondoka. "Huu wako ungeangamiza mji," akasema. Nyiragongo, alisema, ni katika zile zenye rojo jepesi kuliko zote duniani, linateremka kama maji. Rojo la Masaya nalo ni jepesi, lakini zamani sana, kiasi cha miaka elfu mbili iliyopita, mlima huo ulilipuka kwa kishindo ambacho wataalamu walizoea kukitarajia kwa rojo zito tu, ukamwaga majivu mbali na kwao. Habari hiyo ilimpa raha ya ajabu. Kila alipoieleza alitaja na wenzake wa chuo walioumbuka kwayo, mmoja mmoja, na wengi wao walikuwa wameshakufa.

Alipenda pia kunieleza habari za nyayo. Kule karibu na ziwa la Managua zimefukuliwa nyayo za watu wa kale, zimeganda katika tope la volkano, za wakubwa na wadogo, zote zimeelekea upande wa maji. Walioziona kwanza wakasema hao walikuwa wakikimbia moto.

"Upuuzi mtupu," mzee alisema. "Mtu anayekimbia hukanyaga kwa vidole na hupanua hatua. Wale wanatembea. Wana mizigo, na wanatembea."

"Kwa nini watembee na mlima unawaka?"

"Labda walikuwa na shughuli zao."

Nilimwona ni mtu asiyejua hatari kwa sababu siku zote alikuwa na tiketi ya kurudi.

Lakini raha yake kubwa ilikuwa Wahispania. Walipofika kule walikuta ziwa la moto linatokota ndani ya shimo. Padri mmoja akasimika msalaba ukingoni, maana pale, alivyoona yeye, ndipo mdomo wa jehanamu. Haikupita miaka mingi, mtawa mwingine akachungulia shimo lile lile akaona dhahabu iliyoyeyuka. Mtu ameapa mbele ya Mungu kuishi maskini, anafungwa kamba kiunoni, anateremshwa kwenye volkano na msalaba na nyundo ili akachote dhahabu. Wakashusha chombo kwa mnyororo. Kikapanda na mawe. Mzee alikuwa akifika hapo anafumba macho kwa utamu, nami namfunga vifungo vya shati.

"Mmoja kaona shetani, mwingine kaona dhahabu," alikuwa akimalizia. "Na wote wawili walikuwa wanatazama mawe."

Katika karne ya kumi na saba ziwa lile lilifurika likamwagika ukingoni. Watu wakajifunza kutazama juu. Karne iliyofuata, mwaka 1772, mlima haukushughulika na ukingo wala na msalaba wao. Ulipasuka ubavuni, moto ukatokea chini. Wanakijiji wakatoa sanamu ya Yesu kanisani, wakaandamana nayo hadi mbele ya ule moto, na moto ukaishia njiani. Sanamu inapewa sifa mpaka leo.

"Uliishia njiani kwa sababu ulikwisha," akasema mzee.

Hapo sikucheka. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi mwaka 1977, Nyiragongo ilipopasuka ubavuni vivyo hivyo. Ziwa la moto lililokuwa juu lilivujia chini kwenye nyufa na kumalizika kwa muda mfupi kuliko misa. Vijiji vya mteremkoni viliungua na watu wake, na moto ukasimama kabla ya kuufikia uwanja wa ndege. Mama yangu na wanakwaya wenzake walikuwa wamejipanga barabarani wanaimba. Tangu siku ile wanakwaya wale walitembea mjini kama wahandisi waliojenga daraja. Ukiwauliza kwa nini moto ulisimama, wanakutajia wimbo.

Basi nikamweleza mzee namna tunavyousoma mlima wetu. Kwetu mlima husomwa gizani, kichwani. Ukiona wekundu mawinguni juu yake, watu wanasema mlima umewasha taa, na wazazi wanaanza kuongea kwa sauti ya chini. Ukiona giza, mlima umelala, na mji nao unalala. Hakuna aliyetufundisha, mtoto anayaona kwa mama yake kabla hajajua kusoma. Na miaka ile ya mwisho wa tisini taa ilikuwa imezima. Mama alikuwa akinipa habari hiyo kwenye simu kwa furaha, akiitanguliza hata kabla ya habari za vita na za waasi waliokuwa wameushika mji.

Mzee aliacha kutafuna. "Na ubavuni anatazama nani?"

"Hakuna."

"Zile nyufa za sabini na saba zilielekea wapi?"

Nikamwambia zilielekea mjini. Akaiweka sahani pembeni na kunieleza bila madaha, jambo ambalo si kawaida yake, kwamba giza la juu si usingizi. Ziwa likiganda uso, rojo bado lipo chini, na mlima uliowahi kutokea ubavuni una njia yake tayari. Kisha akaniambia jambo la mwisho kuhusu Masaya. Siku hizi, alisema, kuna barabara ya lami mpaka ukingoni, na uwanja wa kuegesha magari, kwa ajili ya watalii wanaokwenda kuvuta moshi na kutazama kasuku wanaotaga kwenye kuta za shimo. Pale kila dereva anaamriwa kitu kimoja: aegeshe gari likitazama njia ya kutokea.

"Hiyo ndiyo sayansi yote niliyo nayo," akasema. "Lini, hatujui. Tunajua gari litazame wapi. Mwambie mama yako."

Simu ya Kongo haikuwa jambo la kuinua mkono tu. Jumapili baada ya ibada nilikuwa nakwenda kwenye duka lililokuwa mtaani kwa yule mzee, la Muhindi aliyezaliwa Kisumu, kununua kadi ya simu. Alikuwa na Kiswahili chake cha kaunta na maoni kuhusu kila nchi isiyokuwa yake.

"Mama, hii kadi ya Congo nakula dakika kama mchwa," aliniambia. "Kwa nini hawa watu yako hapana hamia Kenya?"

"Na nyinyi kwa nini mlihama?" nikamwuliza. Akanipa kadi na chenji.

Mama naye upande wa pili alikuwa akingoja katika duka la jirani lenye simu. Alikuwa mjane, anaishi peke yake katika nyumba ya mbao upande wa uwanja wa ndege, mlango umeutazama mlima. Ndiye pekee niliyekuwa nimebakiwa naye. Nikampa mhadhara wote, wa ubavuni, wa nyufa, mpaka wa magari ya Masaya. Alinisikiliza kwa ukimya wa mtu anayemngoja mgonjwa amalize kuweweseka.

"Mulima haina moto ku kichwa," akasema. "Iko nalala."

"Mama, haitatokea ku kichwa. Itatokea mu ubavu, kama ile mwaka."

"Ile mwaka ilifikaka karibu ya uwanja ya ndege, ikasimama. Tuliiimbiaka. Sasa weye uko Ulaya, njo unajua mulima ya kwetu?"

Nilikasirika. Nilimwona ni mkaidi, na mji wote naona ni wa wakaidi: watu wanaoutazama mlima tangu wazaliwe na hawajawahi kuuona ubavu wake. Nikarudi kwa mzee na kumwambia mama yangu ni sawa na wale wa sanamu. Tukawacheka pamoja, yeye Wanikaragua wake, mimi Wagoma wangu. Tulikuwa kwenye joto, tulikuwa na chai, na nje mvua ya London ilikuwa inanyesha ile ya kukera, isiyo na ngurumo.

Sikukaa tu na kucheka, lakini. Nilikwenda kwa wakili wa wakimbizi kuuliza habari za kumleta mama. Nilikuwa na ruhusa yangu ya kukaa, nina kazi, nina chumba Tottenham. Wakili, kijana mwenye tai iliyopinda, akanifafanulia kwa upole wa watu wa ofisi kwamba sheria inamruhusu mkimbizi kuleta familia yake. Na familia ni mume na watoto wadogo. Mama siyo familia. Nilimwomba arudie, nikidhani ni Kiingereza changu. Akarudia vile vile. Nilitoka pale nikijiuliza Waingereza huzaliwa na nani.

Mwaka 2001 mzee alipata habari kutoka kwa mwenzake mmoja wa kule kwamba Masaya ilikuwa imelipuka kidogo, mchana, watalii wakiwepo. Mawe yalirushwa mpaka kwenye uwanja wa kuegesha yakabonda magari. Nilimkuta ameketi kitandani, mashavu yameshika rangi, amejaa ushindi. "Lakini yalikuwa yametazama nje," alirudiarudia, "yote yalikuwa yametazama nje." Ningemwonea wivu kama ningekuwa na muda. Mlima wake unalipuka kwa adabu, watu wanaingia garini, wanaondoka na hadithi ya kusimulia.

Wetu ukapasuka Januari iliyofuata.

Nilifika kazini asubuhi nikakuta televisheni imewashwa na mzee hajanisalimu. Mtangazaji alikuwa analitamka jina la Nyiragongo kama mtu aliyejing'ata ulimi. Picha zilionyesha moshi, halafu barabara, na katikati ya barabara ile ukuta mweusi wenye mipasuko myekundu unasogea polepole kati ya nyumba ninazozijua. Uwanja wa ndege ulikuwa umefunikwa sehemu.

"Umetoka ubavuni," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Upande wa kusini. Kwenye zile nyufa."

Alikuwa sahihi kabisa, na ni mara ya kwanza nilimwona hafurahii kuwa sahihi. Nikampikia uji, hakuula. Nikamwosha bila mhadhara. Nilitamani aseme upuuzi wowote, hata ule wa mtawa na nyundo yake.

Siku zilizofuata simu ya jirani wa mama haikuita hata kidogo. Duka lenyewe nililiona kwenye habari, au niliona mahali lilipokuwa. Jumapili nikaenda kwenye kanisa letu la Kiswahili kule Tottenham, ukumbi wa kukodi unaonuka supu ya watu wengine, nikidhani nitapata faraja. Mchungaji wetu, ambaye siku za kazi alikuwa anaendesha basi, akatuhubiria kwamba Mungu ameipiga Goma kwa sababu ya pombe na magitaa. Yeye ni mtu wa Bukavu, mji wa jirani unaoshindana na wetu. Watu wakaitikia amina. Wengine walikuwa na ndugu kule, na waliitikia amina.

Ibada ilipokwisha nilimfuata mlangoni. "Mchungaji, mama yangu hanywi pombe. Ni mwanakwaya."

"Mama, tunaombea wote."

"Na ku Bukavu munakunywaka nini? Maziwa?"

Akanishika bega, akaniambia niende nikapumzike. Sijakanyaga pale tena. Yule padri wa Masaya aliyeona jehanamu kwenye shimo la mawe angalau alipanda mlima akachungulia mwenyewe.

Mama alipiga kwa simu ya kuazima, kwenye namba ya nyumba ya mzee niliyokuwa nimempa, nikiwa namlisha mzee. Alikuwa Gisenyi, upande wa Rwanda, amelala na maelfu ya watu nje, kwenye uwanja wa shule. Alikuwa mzima. Nyumba ilikuwa imekwenda, yote, na kitanda, na picha za baba. Alivuka mpaka na godoro kichwani. Nililia, nikamshukuru Mungu, na kabla sijamaliza kushukuru akaniambia kesho asubuhi anarudi Goma.

Nilimweleza mzee kwa Kiingereza. Aliruka kitandani kwa nusu ya mwili iliyokuwa bado yake. "Mwambie asirudi. Lile gamba la rojo ni jeusi juu, chini bado ni moto. Mwambie kuna mazuku." Mazuku ni hewa mbaya inayojikusanya mabondeni na kuua bila harufu, neno ni letu, la Goma, na wataalamu wa volkano walikuwa wameshalichukua. "Mwambie ardhi bado inatetemeka. Mwambie angoje."

Nilimwambia mama vyote hivyo. Nilimwambia kwa ukali, kama mwalimu. Nilimwambia kwamba nilimwonya, kwamba nilimwambia ubavuni akaniambia kichwani, na sasa anataka kurudi kukanyaga moto kwa ndala.

Akaniacha nimalize.

"Ulisema ubavu, ikatokea mu ubavu," akasema. "Basi ulijua. Sasa uniambie, mutoto yangu. Huku banatuita bakimbizi, banataka kutupeleka mu kambi. Tulionaka kambi ya Banyarwanda kwetu mu tisini na ine, tulionaka batu banakufa na kipindupindu. Ku Masisi, mu vijiji, kuko vita. Kwako weye banakatala. Nielekee wapi?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Ulisemaka ile magari inaangalia kwenye kutokea," mama akaendelea, na sasa hakuwa ananidhihaki, alikuwa anauliza kweli. "Kwangu mimi kwenye kutokea ni wapi?"

Mzee alikuwa ananivuta mkono wa sweta. "Anasema nini? Amekubali?"

"Anauliza aelekee wapi," nikamwambia.

Mtu huyu alikuwa na jibu la kila kitu. Alikuwa na jibu la nyayo za kale na la sanamu na la rojo jepesi. Alinitazama, kisha akatazama dirishani, lile lenye jiwe kubwa kuliko yote. Nilikuwa na historia nzima ya volkano kichwani, karne kwa karne, na mama yangu alikuwa bado kwenye simu. Salio likaisha upande wake.

Kesho yake jioni tulitazama habari. Walikuwa wanarudi. Mistari mirefu ya watu juu ya lile gamba jeusi, mvuke unatoka kwenye mipasuko, mizigo kichwani, masufuria, watoto mgongoni. Mtangazaji alikuwa hawaelewi kabisa, na ilionekana kwenye nyusi zake.

"Hawakimbii," mzee akasema.

Nikamfunga bibu nikampa chakula chake.

Mzee alikufa miaka michache baadaye, katikati ya sentensi, kama ilivyotarajiwa. Watu wa ukoo wake walikuja na gari la kubeba taka na kutupa yale mawe pamoja na kapeti. Mmoja wao aliniuliza kama ningependa kuchukua jiwe la ukumbusho. Nikamwambia kwetu yapo. Lakini nililia kwenye treni ya kurudi nyumbani, nikawakasirikia abiria kwa kutonitazama.

Mama alijenga upya pale pale, juu ya moto uliopoa, kwa mawe ya ule ule moto, kama walivyofanya wote. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchoka kubishana naye. Taa ya mlima ilirudi kuwaka juu, wekundu mawinguni, na Jumapili moja akanieleza hilo, nikamjibu kwa kejeli kwamba basi sasa watu wa Goma watajua wakati wa kuogopa.

"Acha kucheka," akasema. "Nyumba imemalizika. Mulango nimegeuza."

"Umegeuza namna gani?"

"Ya kwanza iliangaliaka mulima. Hii inaangalia Gisenyi. Kama ile magari."

Nilikaa kitini. Kwa miaka yote ile nilidhani hakunisikia. Nikawaza mpaka ule, askari wake, chuma chake, na jinsi unavyofungwa kila jioni, mlima uwe umelala au umeamka.

"Na kama bamefunga mupaka, Mama?"

Nyuma yake nilisikia mtu anagonga mawe, bado wanajenga kwa jirani.

"Basi nitaikala pale mu mulango," akasema, "nikungojee weye."